Utaisifuje Riwaya ya Upelelezi Bila Kumtaja Muuaji?

Swali hili huzuka kila mahali watu wanapoazimana vitabu. Mtu amemaliza riwaya usiku wa manane, asubuhi anatamani kumsimulia mwenzake, anafungua mdomo, anakwama. Akieleza kilichomfurahisha, amemmalizia mwenzake utamu. Akinyamaza, anabaki na “ni kizuri, kisome tu,” maneno yasiyomsaidia mtu kuamua kama atoe fedha yake au aiweke. Wanafunzi nao huuliza kwa namna yao: mwalimu ametaka mapitio ya kitabu, na kitabu chenyewe kimejengwa juu ya siri moja, nitajaza vipi kurasa mbili huku siri nimeifungia?

Jibu langu ni kwamba jina la muuaji ni sehemu ndogo sana ya kazi ya mhakiki. Jambo kubwa ni namna mwandishi alivyotutendea sisi wasomaji tangu ukurasa wa kwanza. Je, alituonyesha kila alichokiona mpelelezi wake, au alitunyima? Alitupoteza kwa ufundi au kwa uongo? Hayo yote yanaweza kupimwa, kuelezwa na kutolewa hukumu bila kumgusa mhusika hata mmoja.

Kwanza jua umeshika kitabu gani

Kwenye meza za wauza vitabu, aina tatu huwekwa fungu moja kwa sababu majalada yake yanafanana: bastola, kivuli cha mtu, wakati mwingine msichana mwenye miwani myeusi.

Ya kwanza ni riwaya ya upelelezi. Humo kosa limeshatendeka, mara nyingi mauaji, na hadithi inarudi nyuma kutafuta nani alilifanya, kwa njia gani na kwa nini. Ya pili ni riwaya ya ujasusi: kuna njama inayoandaliwa, dola moja dhidi ya nyingine, na mhusika mkuu ni mtumishi wa siri anayekimbizana na saa. Ya tatu ni riwaya ya safari za hatari, ambamo watu wanaelekea nchi wasiyoijua kutafuta hazina, ndugu aliyepotea au njia ya kurudi nyumbani.

Zote zinaishi kwa taharuki, yaani ile hali ya msomaji kungoja kwa wasiwasi ajue kitakachofuata. Lakini wasiwasi wenyewe si mmoja. Katika upelelezi tunauliza, “Nani?” Katika ujasusi na safari za hatari mara nyingi adui tunamjua tangu mapema, na tunauliza, “Huyu atapona vipi?” Ukilaumu riwaya ya ujasusi kwa sababu ulimjua adui tangu sura ya pili, unamwonea mwandishi, hakukuahidi kumficha.

Kuku chini ya pikapu

Tuanze na upelelezi, maana ndio unaowashinda wengi. Neno la lazima hapa ni kidokezo: jambo dogo lililowekwa mbele ya macho ya msomaji ambalo, likieleweka vizuri, linaelekeza kwenye ukweli. Ili tusiharibu kitabu cha mtu, natunga hapa hapa kipande cha riwaya ambayo haipo. Mzee Kheri, fundi saa wa Pangani, ameuawa usiku nyumbani kwake. Asubuhi anafika askari wa upelelezi, Afande Rehema:

Mvua iliyoanza baada ya isha ilinyesha hadi karibu na alfajiri. Ua wa Mzee Kheri ulikuwa tope tupu, na waombolezaji walivua viatu barazani. Sudi, mpwa wa marehemu, aliegemea pikapu yake uani akieleza jinsi alivyotoka Korogwe, akaingia Pangani kunapambazuka, mvua imeshakatika, akamkuta mjomba ameshapoa. “Ningewahi jana, Afande,” alisema, “labda asingekuwa peke yake.” Kuku mweusi alikuwa akijigaragaza mavumbini chini ya pikapu. Kutoka ndani kilisikika kilio cha mjane, na wanawake wakakipokea. Afande Rehema alimpa Sudi pole, akaomba maji ya kunywa.

Rudia kusoma. Ua mzima ni tope, ila chini ya gari kuna vumbi la kutosha kuku kujigaragaza. Basi gari lile lilikuwa pale kabla mvua haijaanza. Sudi hakuja alfajiri. Alilala Pangani usiku ule ule mjomba wake alipouawa.

Wasomaji wengi watampita kuku yule bila kumtazama mara mbili, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kuku uani ni jambo la kila siku, kwa hiyo jicho halimshiki. Amewekwa baada ya maneno ya majuto yanayotufanya tumwonee Sudi huruma, na kabla ya kilio kinachotuvuta ndani ya nyumba. Habari ya mvua nayo imetajwa mwanzoni kabisa, mbali kidogo na kuku, ili tusiunganishe haraka. Mwandishi hakuficha kitu. Alituwekea kila alichokiona Afande Rehema, tena bila kusema kwamba Afande amekiona.

Sasa fikiria mwandishi mwingine, mwenye hadithi ile ile, ambaye sura ya mwisho anamleta kaka pacha wa Sudi kutoka Mombasa, mtu ambaye hatujapata kumsikia, aungame mauaji. Au Afande Rehema anaota ndoto, marehemu anamtajia jina. Au anatoa mfukoni barua aliyoiokota sura ya tatu ambayo sisi hatukuonyeshwa. Huyo ametudhulumu. Tumesoma kurasa mia mbili tukikisia, kumbe hapakuwa na cha kukisia.

Kuna kitu kingine cha kutazama: kidokezo cha kupotosha. Tuseme Mzee Kheri alikuwa akidaiwa na mwenye duka la jirani, na usiku ule walisikika wakigombana. Tutamtilia shaka mwenye duka. Ni halali kabisa, mradi mwishoni ule ugomvi upate maelezo yake yenyewe. Ugomvi uliowekwa kutupoteza tu, kisha ukaachwa ukining'inia, ni dalili ya mwandishi aliyekosa subira.

Kwa ufupi: kidokezo kizuri huonekana, hupitwa, na ukikirudia unajilaumu wewe msomaji. Kidokezo kibaya kinakufanya umlaumu mwandishi.

Sheria za padri na ugomvi wa 1926

Swali hili la haki kwa msomaji ni la zamani. Hadithi ya kwanza ya upelelezi wa namna hii inayotajwa zaidi ni ya Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyotoka mwaka 1841. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes, mpelelezi wa London anayesoma maisha ya mtu kutokana na viatu na mikono yake. Lakini Conan Doyle hakujali sana kama sisi tunaweza kukisia pamoja na Holmes. Mara nyingi Holmes anaona jambo, tunasikia kwamba ameona, na ni nini alichokiona tunaambiwa mwishoni.

Wasomaji wa Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walitaka zaidi ya hapo. Walitaka kushindana na mpelelezi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliandika sheria kumi za mchezo huo. Muuaji awe ametajwa mapema katika hadithi. Nguvu za mizimu na majini zisiwe ndizo zinazotatua. Mpelelezi asiwe yeye ndiye mkosaji. Asiokote kidokezo bila msomaji kuonyeshwa papo hapo. Mapacha wasizuke tu bila kuandaliwa. Kaka wa Mombasa angeangukia hapo hapo.

Miaka mitatu kabla ya sheria hizo, mwaka 1926, Agatha Christie alikuwa ametoa riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd, na wasomaji waligawanyika. Wako waliosema amewachezea rafu, na wako waliosema hakuna neno la uongo hata moja ndani ya kitabu. Dorothy Sayers, mtunzi mwenzake, alikuwa upande wake: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Mimi pia niko upande wa Christie, na nimeisoma mara ya pili nikitafuta sentensi moja ya udanganyifu bila kuipata. Ona kwamba nimekwambia ugomvi ulivyokuwa, nimekwambia hukumu yangu na sababu yake, na bado ukiifungua riwaya ile leo jioni hujui lolote litakalokupata.

Soma mara mbili

Riwaya ya upelelezi haiwezi kuhakikiwa kwa kusomwa mara moja. Mara ya kwanza soma kama kila mtu: haraka, kwa hamu, bila kuandika chochote isipokuwa jina la unayemshuku na ukurasa ulipoanza kumshuku. Usijizuie. Mhakiki asiyejiachia akashikwa na taharuki hawezi kusema kama taharuki ilikuwepo.

Mara ya pili soma pole pole na penseli. Sasa unamjua muuaji, na kitabu kinageuka kuwa kingine: kila anaposema neno, unapima maneno mawili, lile walilolisikia wenzake na lile alilolikusudia. Sudi anaposema “ningewahi jana,” mara ya kwanza ni majuto. Mara ya pili ni uongo uliopangwa. Riwaya dhaifu hufa katika usomaji huu wa pili, kwa sababu muuaji wake alikuwa akitenda mambo yasiyo na maana yoyote kwa mtu aliyeua.

Penseli yako iandike haya:

– ukurasa wa kila kidokezo, na kilichowekwa jirani nacho kukifunika;
– mahali ambapo mpelelezi anajua kitu na sisi hatujui;
– mambo yaliyotokea kwa sadfa, yaani kwa bahati tu, hasa yale yanayomsaidia mpelelezi;
– swali lolote ambalo hadi ukurasa wa mwisho halikujibiwa.

Kuhusu sadfa nina msimamo. Sadfa inayomwingiza mhusika matatani naipokea. Maisha ndivyo yalivyo. Sadfa inayomtoa matatani, siipokei.

Na jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui: kazi yako ya kila siku ni mtaji wako wa uhakiki. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles iliyotoka mwaka 1920, inahusu mauaji ya sumu. Moja ya sifa zilizomfurahisha zaidi ilitoka kwenye jarida la wafamasia wa Uingereza, kwa sababu sumu ile ilielezwa kama inavyofanya kazi kweli. Wafamasia hawakuhitaji shahada ya fasihi kusema hivyo. Muuguzi anajua mgonjwa anayevuja damu nyingi hawezi kuhutubia kurasa tatu. Fundi gari anajua breki zikikatwa nini kinatokea. Karani wa mahakama anajua wosia unasomwa vipi na nani. Ukiona mwandishi amepatia, mpe sifa yake; ukiona amekosea, sema, kisha sema pia kama kosa lile linaangusha hadithi au ni la pembeni tu.

Mzimu unaoua, na mtu anayeuliza

Kwa Kiswahili, riwaya ya upelelezi inaanzia Unguja. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918, mwandishi wa habari aliyehariri jarida la Mkulima, alishiriki shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwaka 1957–58 akashinda. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na ndicho kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi ya Kiswahili. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na mazungumzo, ambaye si askari, pamoja na rafiki yake Najum.

Wako wahakiki wanaoishia hapo: Bwana Msa ana kiko kama Holmes, ana rafiki kama Holmes, basi Abdulla kaiga. Naona huo ni uhakiki wa kutazama jalada. Swali lenye faida ni hili: baada ya kuazima, alibadilisha nini?

Alibadilisha mahali siri inapokaa. Mtu tajiri anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu huenda kutoa sadaka kwa waliotangulia, na maelezo ya kwanza yanayotoka midomoni mwa watu ni kwamba mzimu umemtenda. Kila msomaji wa Kiswahili anaijua sauti hiyo, ameisikia msibani. Bwana Msa anataka ajue kilichotendwa na mtu. Padri Knox alipokataza mizimu katika hadithi za upelelezi, alikuwa akilinda kanuni ya mchezo. Abdulla aliifanya imani ya mizimu kuwa ndiyo pazia ambalo muuaji anaweza kujificha nyuma yake, na akamwacha msomaji wake, aliyekulia katika imani hizo, achague mwenyewe kati ya maelezo mawili. Mwaka 1960 hilo lilikuwa jambo zito kuliko watu wanavyolipa heshima.

Alibadilisha pia aina ya siri. Tazama majina ya vitabu vyake vilivyofuata: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Ndoa, nasaba, mtoto ni wa nani, mali itakwenda kwa nani. Huo ndio uchunguzi ambao mji mdogo wa pwani huufanya kila jioni barazani, na Bwana Msa anaufanya kwa utaratibu. Mhakiki anayetaka kuandika juu ya vitabu hivi ana kazi tele bila kumgusa muuaji: aandike Kiunguja chake, methali zake, namna watu wanavyosemezana kwa adabu huku wanafichana.

Vyuoni kuna maneno mawili yaliyowaumiza waandishi wa upelelezi. Fasihi pendwa ni ile inayosomwa kwa burudani. Fasihi dhati ni ile inayohesabiwa kuwa na uzito wa fikra. Kugawa si kosa. Kosa ni kupanga vitabu katika fungu moja au jingine kabla ya kuvisoma. Kitabu chenye mauaji kinaweza kuwa na uzito, na kitabu chenye hotuba ndefu juu ya jamii kinaweza kuwa chepesi kama pamba.

Willy Gamba hafi. Basi tunaogopa nini?

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na hadithi za uhalifu za Kiswahili zikahamia kwenye mji wa simu na magari. Muongo uliofuata ukaja ujasusi. A. E. Musiba alimtoa jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa, aliyeishi kati ya mwaka 1958 na 2008, akamleta shujaa wake, Joram Kiango. Vitabu hivi vilisomwa hadi majalada yakatoka.

Tatizo la mhakiki hapa ni hili: tunajua shujaa hafi, kwa kuwa kitabu kingine kinafuata. Taharuki inatoka wapi? Katika riwaya nzuri ya ujasusi inatoka kwenye kile kinachoweza kupotea mbali na maisha ya shujaa. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe walikuwa na ofisi mjini, na maadui zao walikuwa na kila sababu ya kuwafuata huko huko. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu la kwenye kifurushi Februari 1969. Kwa hiyo msomaji wa 1974 aliposoma juu ya njama dhidi ya ukombozi, hakuwa akisoma ndoto. Mhakiki kijana asiyejua hayo ataiona Kufa na Kupona kama sinema iliyoandikwa. Mwambie msomaji wako muktadha huo kwa sentensi mbili, na kitabu kitarudiwa na uhai.

Uliza pia: maumivu yanagharimu? Shujaa aliyepigwa risasi ya bega jioni na kucheza dansi usiku amenipunguzia hofu yangu yote iliyobaki. Na uliza habari za wanawake. Katika riwaya nyingi za miaka ya sabini na themanini mwanamke ni pambo au ni mtego. Anaingia akisifiwa umbo, anatoka akiwa maiti au msaliti. Lisemwe wazi katika mapitio, hata kama kitabu umekipenda. Ukimtazama Nuru, mwenzi wa Joram Kiango, linganisha: mara ngapi anaamua jambo mwenyewe, na mara ngapi anaokolewa?

Safari za hatari tulizisoma kwanza kwa tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885, ilitolewa kwa Kiswahili na Frederick Johnson, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliisoma. Inakwenda kasi, na sura zake za jangwani zina kiu ya kweli. Vile vile ni kitabu cha mkoloni: Wazungu ndio wenye majina, woga na mizaha, na wengi wa wenyeji ni umati. Hayo mawili yote ni kweli, na mhakiki ayaseme yote mawili.

Riwaya hiyo inatupa pia mfano mzuri wa msomaji makini. Katika toleo la kwanza mashujaa wanajiokoa kwa kutabiri kupatwa kwa jua. Tatizo ni kwamba usiku wa karibu na siku hiyo Haggard alikuwa ameuangaza kwa mwezi mpevu. Mtu yeyote wa pwani anayehesabu bamvua, au anayefuata kalenda ya Kiislamu, anajua haiwezekani: jua hupatwa mwezi unapokaribia kuandama, na mwezi mpevu ni wakati wa mwezi wenyewe kupatwa. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa, ikawa ni kupatwa kwa mwezi. Mvuvi angeliona kosa hilo kabla ya profesa.

Kwa ufupi: katika upelelezi pima haki, katika ujasusi na safari pima gharama ya hatari, na kama dunia ya kitabu inasimama.

Sasa shika kalamu

Kabla ya neno la kwanza, amua unamwandikia nani. Mapitio ni kwa mtu ambaye hajasoma kitabu na anataka kujua kama akitafute. Uchambuzi ni kwa aliyekisoma na anataka kukielewa zaidi. Huko taja muuaji, taja kila kitu, ila onya mwanzoni. Vilio vingi vya kuharibiwa utamu vinatokana na watu kuandika uchambuzi wakauita mapitio.

Kwa mapitio mimi hufuata mpaka mmoja: matukio ya robo ya kwanza ya kitabu ni huru kuyasimulia; yaliyobaki nayaeleza kwa sifa zake bila kuyasimulia. Nani aliuawa, wapi, nani anapeleleza, nani wanashukiwa mwanzoni: sema. Kuanzia hapo zungumzia mwendo, lugha, wahusika, haki ya vidokezo.

Jihadhari na uvujaji wa chini kwa chini, ambao ni mbaya kuliko kutaja jina kwa sababu huonekani kama umekosea. “Usimwamini mtu wa karibu” imeshapunguza washukiwa hadi wawili. “Mwisho hutaamini” inamfanya msomaji aache kusoma na kuanza kuvizia. Kumsifu mno mhusika mdogo anayetokea mara mbili tu kunamwelekezea tochi. Usinakili pia maelezo ya nyuma ya jalada bila kuyapima. Baadhi huvuka nusu ya kitabu.

Tazama mapitio mawili ya riwaya yetu ya Pangani. Ya kwanza: “Riwaya hii inasisimua mno. Ukiianza hutaiweka chini. Mwandishi ni bingwa na mwisho wake utakuacha mdomo wazi. Kila mtu aisome.” Maneno haya yangeweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Ya pili:

“Fundi saa anauawa Pangani usiku wa mvua, na nyumba inajaa jamaa ambao kila mmoja ana machozi na ana deni. Afande Rehema hapigi kelele wala hatishi mtu; anaomba maji, anakaa, anaacha watu waseme. Nilimshuku mtu asiyehusika hadi sura ya tisa, na niliporudi nyuma nikakuta nilionyeshwa kila kitu mapema, katika aya niliyoisoma haraka kwa sababu ilinihuzunisha. Sura za katikati, za mahakamani, zimerefushwa. Kurasa ishirini zingeweza kuondoka. Mjane ndiye mhusika niliyemkumbuka baadaye, kwa namna anavyogoma kufarijiwa. Anayependa kukisia atatendewa haki. Anayetaka mbio na milipuko, hapa hapatamfaa.”

Mwandishi wa mapitio haya amesema kitabu kinahusu nini, kinatenda haki, kinachosha wapi, kina nguvu wapi, kinamfaa nani. Hata udhaifu ameutaja, kwa sababu sifa zisizo na doa hazisadikiki. Na Sudi hajatajwa.

Kama riwaya ilitoka gazetini kwa mfululizo kabla ya kuwa kitabu, mwonee mwandishi huruma kidogo kwa kila sura kukatikia penye hatari na kila sura mpya kukumbusha yaliyopita. Aliandika kwa msomaji aliyengoja wiki nzima. Mlaumu mchapishaji ambaye hakuyapunguza.

Ukimaliza kuandika, mpe mtu ambaye hajakisoma kitabu. Muulize mambo mawili: je, anataka kukisoma, na anadhani muuaji ni nani? Akipatia, tafuta sentensi iliyovujisha uifute, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.

Waandishi wetu wa upelelezi na ujasusi wamesomwa sana na kuandikiwa kidogo. Musiba na Mtobwa wamesifiwa kwa midomo vibarazani na ndani ya mabasi, na sehemu kubwa ya maneno hayo imepotea hewani. Wako wengine wanaoandika sasa hivi ambao hawajapata hata ukurasa mmoja wa msomaji aliyewapima kwa haki. Chukua riwaya uliyoimaliza majuzi, isome tena kwa penseli, uiandikie maneno mia tatu, uyapeleke mahali watu watakapoyasoma.